Kutambua konokono wa kichocho hapa Kisumu bila kuponda wote

Watu wa Dunga, pale ufukweni mwa Ziwa Victoria, wakiona konokono wanachukua jiwe, ati bilhazia, yaani kichocho. Pole pole jamani. Wengi wao hawana shida na binadamu, wanakula mwani na majani yaliyooza, samaki kamongo anawatafuna, na wale korongo weusi wenye mdomo ulioachana katikati wanawategemea kabisa. Hata kome mnaosagia kuku magamba yao ni moluska vilevile, na kazi yao ni kuchuja maji. Wa kichocho ni makundi mawili tu. Mimi naokota konokono kazini, nifuate.

Hatua ya 1, vaa. Gambuti ndefu na glavu za mpira za kufika kiwiko, hapa hakuna mchezo, vijidudu vya kichocho vinapenya ngozi kwa dakika chache hata kama huna kidonda. Chujio la waya la jikoni lifunge kwa mti mrefu, beba kibano na mkebe wenye mfuniko uliotobolewa.

Hatua ya 2, tafuta ukingoni penye matete na magugu maji, hasa karibu na pale watu wanafua nguo na kuosha pikipiki. Geuza jani, utawapata wamejibandika chini yake na mayai yao, yanakaa kama kamasi inayong'aa yenye vidoadoa. Usiwabebe ndani ya maji! Siku yangu ya kwanza nilijaza chupa, nikafunga kabisa, nikapanda nayo matatu jua likiwaka, kufika wote wamekufa na harufu imejaa gari, makanga karibu anishushe. Jani bichi lenye unyevu linatosha.

Hatua ya 3, na hapa ndo kazi iko. Mguse, akijivuta ndani akajifungia na kifuniko kigumu kama kucha, huyo anapumua kwa matamvua kama samaki, si wa kichocho cha binadamu, mrudishe. Wa kichocho hawana mlango na wana pafu, ndo maana unawaona wakipanda juu kuvuta hewa.

Sasa asiye na kifuniko. Akiwa bapa kama kamba iliyozungushwa mezani, mshuku, anaweza kuwa Biomfalaria, wa kichocho cha tumbo. Damu ya Biomfalaria ni nyekundu, ana himoglobini, ile inayobeba oksijeni, kama sisi, na moluska wengi hawana hiyo, damu yao ni ya samawati sababu ya shaba. Mara ya kwanza ukingo wa gamba ulinivunjikia mkononi, tone jekundu likatoka, nikavua glavu haraka nikitafuta nimejikata wapi.

Akiwa na ncha, ielekeze juu, mdomo wa gamba ukuangalie. Mdomo ukiwa kushoto kwako mshuku, anaweza kuwa Bulinusi, wa kichocho cha mkojo. Kulia ni habari nyingine, mara nyingi Limnaya, anayebeba minyoo ya maini ya ng'ombe. Wengi hudanganywa na Lanistesi maana naye mdomo uko kushoto, lakini yeye ana kifuniko, kwa hivyo usiruke ile hatua ya kumgusa.

Hatua ya 4, walaze gizani usiku mmoja, asubuhi kila konokono glasi yake, maji safi yasiyo na klorini, kwenye mwanga saa moja au mbili. Inua glasi mbele ya kitambaa cheusi. Ukiona vidoa vyeupe vinacheza, huenda ni vijidudu vilivyotoka ndani ya konokono, chukua lenzi, mkia uliogawanyika kama panda ya manati ndo wa kushuku, ingawa ndege pia wana minyoo yao ya mkia huo, hapo peleka maabara. Asipotoa kitu usimwite safi, mdudu anakaa kama wiki nne au zaidi ndani yake kabla aanze kutoka, na konokono mwenyewe wakati huo hatagi vizuri, chakula chote kinaenda kwa mgeni.

Ukimaliza mimina maji yanayochemka kwa kila glasi kwanza, ndo umwage. Glavu usivue bado.