Pima kiwango cha sauti kabla ya kurekodi
Kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi nyumbani, mwombe mwimbaji aimbe ile sehemu ya wimbo anayopaza sauti zaidi, si ubeti wa kwanza ulio mpole, kisha urekebishe kiwango cha maikrofoni hadi vilele vya sauti, yaani pale inapopanda juu zaidi, visomeke kati ya desibeli -12 na -6 kwenye programu ya kurekodia. Ukirekodi kwa biti 24 (mpangilio wa ubora wa sauti ndani ya programu), huna haja ya kuisogeza sauti karibu na desibeli 0, ambayo ndiyo kikomo cha juu, kwani ikipita hapo vilele vyake hukatwa, ikaanza kukwaruza, na kasoro hiyo ni vigumu mno kuiondoa; sauti iliyo chini kidogo huongezwa baadaye bila taabu. Mimi hupendelea -12, maana waimbaji wengi hupaza zaidi wakishachangamka.