Kabla Hujalipa Kodi ya Fremu

Nauza vifaa vya umeme Dar, na vijana huniuliza wapange wapi fremu ya duka. Usianze na rangi ya ukuta, mdogo wangu, anza na barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 inaipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani zilikuwa 22.5. Chukua futi kamba upime mwenyewe. Mwaka 2017, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, majengo mengi yalibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Kagua na ukuta: X nyekundu, alama ya jengo la kubomolewa, hufunikwa kirahisi kwa rangi mpya, na dalali hatakwambia.

Halafu maji. Nenda wakati wa masika, mvua ikinyesha. Kiangazi, tafuta mstari wa tope chini ya ukuta, umuulize mama ntilie wa jirani maji hufika wapi. Bonde la Msimbazi, hata kodi ikiwa ya bure, mimi sipangi.

Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, iwe yako peke yako. Kilemba, pesa ya kupewa fremu mbali na kodi, kiandikwe kwenye mkataba. Na kodi ya muhula wa pili itenge kabla hujanunua mzigo.