Viniya isigeuke njano: vile utachagua na kugandisha simenti ya rezini

Huku Nakuru watu wengi wamekua wakinywa maji ya kisima yenye floraidi nyingi, meno yanatoka na madoa ya kahawia, sasa mtu akikusanya pesa mpaka zifike za viniya, yaani vipande vyembamba vya poselini vinavyobandikwa mbele ya meno, hilo ni jambo kubwa kwake. Inaniuma sana nikiona baada ya muda zimeanza unjano halafu anaambiwa ni chai. Poselini hainywi chai jamani! Kinachogeuka mara nyingi ni simenti ya rezini iliyo chini yake, ile gundi inayoishika kwa jino, na hiyo ni kazi yetu sisi watu wa meno tunaogandisha.

Kwanza chagua vizuri. Viniya ya 0.3 hadi 0.7 mm inapitisha mwanga, rangi ya simenti itaonekana tu, kwa hivyo tumia ile inayoganda kwa taa pekee. Zile za njia mbili, yaani zinaganda kwa taa na pia kwa kemikali, nyingi zina benzoili peroksaidi na amini ya aromatiki, kemikali za kuigandisha, na hiyo amini ikioksidika pole pole inaleta unjano hata kama mgonjwa anakunywa maji tupu. Siku hizi kuna za njia mbili zisizo na amini hiyo, ni afadhali, soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Lakini kwa kraoni nene (kofia ya kufunika jino lote) au zirkonia (kauri ngumu) usilazimishe ya taa, mwanga hautafika na itabaki mbichi huko chini, na hiyo ni mbaya kuliko unjano.

Rangi ya jino ipime mapema kabla halijakauka, juu likikauka linapauka na utachagua vibaya. Kama mtu amefanyiwa blichi ngoja kama wiki mbili. Jaribu na pesti ya kujaribia kwanza, ile ya kuonyesha rangi kabla ya kubandika, na kama unaficha doa la kahawia kwa simenti nzito isiyopitisha mwanga, ongeza muda wa taa.

Taa ndio watu wanapuuza. Futa ncha yake, angalia betri, ipime na kipima mwanga, isogeze karibu kabisa, halafu mulika kila upande kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji au zaidi, usipunguze. Rezini isiyoiva inafyonza maji na rangi ya vyakula. Kabla ya kumulika mara ya mwisho paka jeli ya glisirini kwa kingo, juu oksijeni ya hewa inaacha utando laini usioganda, na hapo ndio doa la chai linaingilia kweli. Toa simenti iliyozidi, kisha ng'arisha mpaka kucha isikwame.

Ukiwa Kisumu na lile joto, tyubu ziweke kwa friji kama karatasi inasema hivyo, zitoe mapema zifike joto la chumba, na iliyopita tarehe tupa.

Mgonjwa akitoka mwambie siku hiyo aache chai, kahawa na mchuzi wenye bizari ya manjano, juu simenti bado inaendelea kuiva kwa kama saa 24.