SOMO: Namna ya kusoma krosova za magendo kati ya Marvel na DC (ulizeni hapa, msije inbox)

Wakuu, kila wiki nakutana na swali lile lile: "Eti Avengers na Justice League walishakutana kabla ya 2003?" Avengers ni timu ya mashujaa wa Marvel, Justice League of America (kwa kifupi JLA) ni ya DC; hizo ni kampuni mbili za komiki za Marekani zinazoshindana, na krosova ni hadithi ambamo mashujaa wao wanakutana. Jibu ni ndiyo na siyo, na nimechoka kuliandika upya. Naliweka hapa mara moja.

Krosova za somo hili naziita za magendo kwa sababu kampuni hazikutia saini popote. Waandishi walielewana wenyewe, kila mmoja akapitisha mzigo kwenye toleo lake bila kumtaja mpinzani kwa jina. Ukishika toleo moja peke yake huoni kitu. Kwa hiyo fuata waandishi, usifuate majina ya mashujaa.

Hatua ya 1. Weka kando zile rasmi: Superman na Spider-Man (1976), X-Men na New Teen Titans (1982), JLA/Avengers (2003–2004).

Hatua ya 2. Tafuta matoleo kwa jozi, la Marvel na la DC. Kama una upande mmoja tu, subiri.

Hatua ya 3. Anza na jozi ya 1971: Avengers 85–86 ya Roy Thomas, na Justice League of America 87 ya Mike Friedrich. Kwa Marvel, Avengers wanaangukia dunia nyingine na kukuta Squadron Supreme, nakala za Justice League: Hyperion ndiye Superman, Nighthawk ndiye Batman, Doctor Spectrum ndiye Green Lantern. Kwa DC, Justice League wanakabiliana na mashujaa wa sayari ya Angor, nakala za Avengers: Wandjina ni Thor, Silver Sorceress ni Scarlet Witch, Jack B. Quick ni Quicksilver. Angalizo: Squadron Sinister wa Avengers 69–70 (1969) ni wahalifu wa Grandmaster. Majina yanafanana, watu ni wengine.

Hatua ya 4. Rutland. Hapa ndipo karibu kila mtu anapotelea, mimi nikiwemo. Rutland ni mji wa Vermont, Marekani, wenye maandamano ya Halloween ambayo mpenzi wa komiki aitwaye Tom Fagan aliyajaza mavazi ya mashujaa. Mwaka 1972 waandishi watatu, Steve Englehart, Gerry Conway na Len Wein, pamoja na Glynis mke wa Wein, walijiingiza wenyewe kwenye hadithi kama wageni wanaoendesha gari kwenda kuyatazama. Safari hiyo moja imekatwa vipande vitatu: Amazing Adventures 16 (Beast, Marvel), Justice League of America 103 (DC) na Thor 207 (Marvel).

Mtego uko kwenye jalada. JLA 103 imeandikwa Desemba 1972, hizo mbili za Marvel zimeandikwa Januari 1973, basi watu wanaanza na JLA. Usianze nayo! Enzi hizo tarehe ya jalada ilisogezwa mbele miezi kadhaa kuliko siku gazeti lilipofika kibandani, kwa hiyo haikupangii mtiririko wa hadithi. Soma Amazing Adventures 16, kisha JLA 103, umalizie na Thor 207. Onyo la pili: usimtafute Beast ndani ya JLA wala Batman ndani ya Thor, hawamo. Watazame wale wanne na gari lao. Mambo yaliyobaki pembeni katika kitabu kimoja yanapata maana katika kingine. Onyo la tatu: mikusanyo ya kampuni hupangwa kwa shujaa. Ukinunua mkusanyo wa Thor umenunua theluthi ya hadithi. Na Avengers 83 (1970) na Batman 237 (1971) nazo ziko Rutland, ila hazimo kwenye mnyororo huu.

Hatua ya 5. 1977: Invaders 14–15 kwa Marvel, na Freedom Fighters za mwaka huohuo kwa DC. Pande zote mbili zinakutana na kundi liitwalo Crusaders, na kila Crusaders ni picha ya timu ya jirani. Kwa Marvel, Spirit of '76 ni Uncle Sam na Ghost Girl ni Phantom Lady, wote wa Freedom Fighters. Kwa DC, Americommando ni Captain America wa Invaders. Tamu kuliko zote, na ndiyo isiyosomwa.

Hatua ya 6. X-Men 107 (1977), kikosi cha Imperial Guard, nakala ya Legion of Super-Heroes, timu ya DC. Ni ya upande mmoja, DC hawakujibu.

MASWALI

Kiboko_Kigamboni: Mkuu, Superman na Thor wanapigana toleo lipi?

Mleta somo: Kwenye hizi za magendo, hakuna. Rudi juu.

Kiboko_Kigamboni: Sasa krosova gani hiyo?

Mleta somo: Ya magendo. Umeona wapi mtu anapitisha magendo ameyabandika jina?

dogo_wa_ngamia: Link ya PDF tafadhali

Mleta somo: Sina.

Prof_Ubuyu: Umekosea. Squadron walianza 1969, siyo 1971.

Mleta somo: Hatua ya 3, sentensi mbili za mwisho. Nimeziandika kwa ajili yako kabla hujauliza.

Binti_Lamu: Shikamoo. Nauliza, wahariri walikuwa hawaoni? Na kwa nini mtu ampambe shujaa wa kampuni nyingine?

Mleta somo: Marahaba mwanangu, swali zuri. Hawa watu walikuwa marafiki, na walihama kampuni kama wachezaji wanavyohama timu. Wein na Conway waliandikia pande zote mbili. Roy Thomas mwenyewe baadaye alihamia DC. Dave Cockrum aliwachora Legion of Super-Heroes kule DC, akaenda Marvel, na Imperial Guard wakatoka mkononi mwake wakiwa ndugu wa Legion kwa sura na nguvu. Fungua X-Men 107 ukutane na Gladiator, halafu mfikirie Superboy wa Legion.

Binti_Lamu: Ahsante sana. Naanza na Rutland?

Mleta somo: Anza na ya 1971, ni rahisi. Rutland ikusubiri jicho likishazoea.

Mzee_wa_Toleo: Umesahau Aquaman.

Mleta somo: Sijasahau, somo ni la timu. Ila kwa wanaopenda: Aquaman 56 (1971) ilikuwa ya mwisho kabla DC hawajaisimamisha, hadithi ikabaki inaning'inia. Mwandishi Steve Skeates akaja kuimalizia Marvel, kwenye Sub-Mariner 72 (1974). Aquaman hatajwi popote.

Mzee_wa_Toleo: Basi ongeza na Quasar 17 (1990) ya Marvel. Mkimbiaji asiye na kumbukumbu anatokea mbioni na kuwaacha wote nyuma, anajiita Buried Alien. Mwenye kumjua Barry Allen, yaani Flash wa DC, atacheka.

Mleta somo: Hiyo nakubali, mzee wangu.

Msomi_Mtwapa: Nje ya mada wakuu. Nimepata Thor za zamani, karatasi zinanata na zina madoa ya kahawia. Nifanyeje?

Mleta somo: Unyevu wa pwani huo. Madoa hayatoki, usiyasugue. Kila toleo liweke kwenye mfuko wake wa plastiki wenye kadi ngumu nyuma, kadi isiyo na asidi. Simamisha wima, mbali na ukuta wa nje, na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya boksi za viatu. Umeziweka wapi sasa hivi?

Msomi_Mtwapa: Sanduku la bati, juu ya kabati la jikoni.

Mleta somo: Zitoe leo.