Rafu ya Kwanza: Mwongozo kwa Anayeanza Useremala Mwanza

Anayetaka kujitengenezea samani kwa mara ya kwanza asianze na kitanda wala kabati la milango. Aanze na rafu ya wazi yenye vibao vinne. Mlango wa kabati huumbua kosa la milimita mbili, kwa kuwa ama utakwama ama utaacha mwanya, ilhali rafu husamehe makosa ya namna hiyo na bado humpitisha mwanafunzi katika kazi zote za msingi, yaani kuchagua mbao, kupima, kukata, kuunganisha na kupaka. Rafu inayoelezwa hapa ina kimo cha sentimita 100, upana wa ndani wa sentimita 70 na kina cha sentimita 24 hivi. Inaingia bila shida katika chumba cha kupanga cha Igogo au Mabatini, na inabeba vitabu, vyombo au nguo zilizokunjwa.

Mbao

Kazi nyingi za wanaoanza huharibika dukani, kabla msumeno haujaguswa. Mbao laini inayofaa kujifunzia ni paini. Kanda ya Ziwa ina mashamba yake ya miti, likiwemo la Buhindi upande wa Sengerema na la Rubya kisiwani Ukerewe, na mbao nyingine husafirishwa kutoka Sao Hill, Mufindi. Mninga na mkongo, ambazo hutoka kwenye misitu ya miombo ya mikoa kama Tabora na Katavi, ni mbao nzuri mno kwa samani ya kudumu, lakini ni ghali na ni ngumu kwa mkono usiozoea, na kwa maoni yangu kujifunzia kwa mninga ni ufujaji mtupu. Dai risiti popote unaponunua, kwa sababu usafirishaji wa mazao ya misitu unasimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mzigo usio na karatasi unaweza kukuletea maswali barabarani.

Mbao huuzwa kwa inchi na futi. Omba mbao mbili za moja kwa kumi zenye urefu wa futi 12, yaani unene wa inchi moja, upana wa inchi kumi na urefu wa sentimita 366 hivi, kisha zipitishwe kwenye mashine ya kuranda pande zote. Baada ya kurandwa unene hubaki karibu sentimita 2 na upana karibu 24. Kwa hiyo usikate chochote kwa kutegemea vipimo vya dukani. Pima tena mbao ikishatoka mashineni.

Jambo la kuchunguza kuliko yote ni ukavu. Ubao huvimba na kusinyaa kwa upana wake kadiri unavyovuta na kupoteza unyevu, ilhali urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Katika mji ulio kando ya ziwa, wenye mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na za masika kuanzia Machi hadi Mei, ubao wa paini wenye upana wa sentimita 24 unaweza kubadilika milimita mbili au zaidi kati ya msimu wa mvua na kiangazi. Ubao uliopasuliwa ukiwa mbichi hubadilika zaidi ya hapo, tena hupinda. Unyanyue: mbichi ni mzito kuliko unavyoutarajia, huhisi ubaridi ukiuwekea shavu, na maranda yake hukunjika bila kuvunjika. Ukiwa na mashaka, chukua kipande chake na ukipime kwenye mizani ya duka la jirani kila baada ya siku kadhaa. Uzito ukiacha kupungua, ubao umekauka kulingana na hewa ya mahali pako. Mbao zisizokauka vizuri zilaze ndani ya nyumba, juu ya vijiti vilivyopangwa sawasawa ili hewa ipite chini na juu, na uzisubiri wiki kadhaa.

Baada ya ukavu, angalia unyofu. Inua ncha moja ya ubao hadi usawa wa jicho na utazame kwa urefu wake wote, ubapa na kisha ukingo, nawe utaona mara moja kama umepinda au umejisokota. Ubao uliojisokota urudishe, kwa kuwa huna zana za kuunyoosha. Tazama pia mwisho wa ubao, pale duara za mti zinapoonekana: ukiona kiini cha mti kimo katikati, jua kwamba ubao huo utapasuka hapo siku moja. Vifundo vidogo vilivyoshikamana na mbao havina neno, lakini kifundo cheusi chenye mstari wa duara kukizunguka kitadondoka na kuacha tundu. Vitundu vidogo vya mviringo vinavyotoa unga mpya ni dalili ya bungua, na mbao ya namna hiyo haifai kuingia nyumbani kabisa.

Jihadhari na mbao za kupaulia zilizotiwa dawa, ambazo mara nyingi zina rangi ya kijani iliyofifia. Dawa hizo kwa kawaida zina shaba, na baadhi zina kromi na aseniki. Zinafaa darini, hazifai kwenye rafu ya vyombo vya chakula, na mabaki yake yasiwekwe jikoni kuwa kuni hata siku moja, kwa maana moshi na majivu yake ni sumu.

Zana na vipimo

Zana zinazohitajika ni chache: msumeno wa mkono wenye meno madogo, futi ya kupimia, skwea (kipimo cha pembe mraba), penseli ngumu, keekee au drili, bisibisi, nyundo, randa ndogo na msasa. Drili unaweza kuiazima. Skwea usiiamini kabla ya kuijaribu. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, kisha igeuze upande wa pili na uchore mstari mwingine kuanzia alama ileile. Mistari ikiachana, skwea hiyo haifai.

Upana wa sentimita 70 umechaguliwa kwa sababu. Kibao chenye mzigo uliosambaa hubonyea kwa kasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani: ukirefusha nafasi kati ya nguzo mbili mara mbili na kuijaza vitabu vilevile mwanzo hadi mwisho, kibao kitabonyea mara 16, ilhali ukiongeza unene mara mbili, kubonyea kutapungua hadi moja ya nane. Ndiyo maana kibao cha paini chenye unene wa sentimita 2 hakipaswi kuzidi sentimita 75 hivi kikibeba vitabu, na ndiyo maana zile rafu za mita moja na nusu zisizo na nguzo ya kati huwa na tumbo baada ya mwaka.

Ubao wa kwanza utatoa mbavu mbili, yaani mbao za kusimama pembeni, za sentimita 100 na vibao viwili vya sentimita 70, na wa pili utatoa vibao viwili vilivyobaki. Kutoka kwenye kipande kitakachosalia, chenye zaidi ya mita mbili, mwombe fundi wa mashine apasue ufito mmoja wa sentimita 2 kwa 2, kwa kuwa kuuchana kwa mkono ni kazi ya kumkatisha tamaa mgeni. Ufito huo ukatwe vipande vinane vya sentimita 20, navyo ndivyo vitakavyokuwa vishikizo, vinavyofungwa kwenye mbavu chini ya kila kibao.

Usichore mistari yote ya kukata kwa mara moja. Msumeno hula milimita mbili au tatu kila unapopita, na ukichora vipande vinne mfululizo, cha mwisho kitakuwa kifupi. Chora, kata, pima upya, chora tena. Kata upande wa nje wa mstari, ili mstari wenyewe ubaki kwenye kipande unachokitaka, kisha umalizie kwa randa au msasa. Vibao vinne vikishakatwa, visimamishe pamoja juu ya meza tambarare na upitishe kiganja juu yake. Kiganja huhisi tofauti ambayo jicho haliioni. Kulingana kwa vibao vyote vinne kuna maana kubwa kuliko kufika sentimita 70 kamili.

Kwa alama za ndani ya mbavu, zilaze mbavu zote mbili ubavu kwa ubavu, ncha zikiwa sawa, na uchore mistari inayovuka zote mbili kwa pamoja. Kutoka chini, upande wa chini wa kila kibao ukae kwenye sentimita 8, 42, 72 na 98. Hapo utapata nafasi ya sentimita 32 chini kwa mafaili na sufuria, 28 katikati na 24 juu, na kibao cha juu kitakuwa sawa na ncha za mbavu. Zile sentimita 8 za chini ni kwa ajili ya ufagio na maji ya kudekia.

Kuunganisha

Kosa la kawaida ni kupigilia misumari kupitia ubavu hadi kwenye mwisho wa kibao. Msumari au skrubu inayoingia sambamba na nyuzi za mbao, yaani ile mistari inayofuata urefu wa ubao, hushika vibaya, na gundi nayo haishiki vizuri pale nyuzi zilipokatwa. Vishikizo huondoa tatizo hilo, kwa kuwa mzigo hukaa juu yake na skrubu zote huingia kwa kukata nyuzi.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wengine hulipuuza. Nyuzi za ubavu zinasimama, ilhali nyuzi za kishikizo zinalala kutoka mbele kwenda nyuma. Ubavu utavimba na kusinyaa kwa upana, nacho kishikizo hakitaufuata. Ukikigandisha kwa gundi urefu wake wote, masika na kiangazi vitavutana hadi ubavu upasuke. Paka gundi sentimita 5 za mbele tu, funga skrubu ya mbele kwa nguvu, na tundu la nyuma kwenye kishikizo ulipanue kidogo kuelekea mbele na nyuma ili skrubu yake ipate nafasi ya kusogea. Vibao vyenyewe havina shida hiyo, kwa kuwa kina chake na kina cha mbavu hupanuka kwa pamoja.

Tumia skrubu za sentimita 3.5 zenye unene wa milimita 4. Zikipita kwenye kishikizo cha sentimita 2, zitaingia sentimita 1.5 ndani ya ubavu au kibao na hazitatokeza upande wa pili. Toboa kwanza: milimita 4 kwenye kishikizo, na milimita 2.5 kwenye mbao inayopokea. Matundu ya kwenda ubavuni na yale ya kwenda juu kwenye kibao yapishane, vinginevyo skrubu zitagongana ndani ya ufito na kuupasua.

Rafu ikisimama, pima kwa kamba au futi kutoka pembe ya juu kulia hadi ya chini kushoto, kisha pembe nyingine mbili. Kwa rafu yenye upana wa nje wa sentimita 74, kila mshazari ukaribie sentimita 124.4, ila kinachotafutwa hasa ni kulingana. Ukiona mmoja ni mrefu, sukuma taratibu pembe zake hadi ilingane. Papo hapo, kabla haijarudi, pigilia mgongo wa plaiwudi ya milimita 6 kwa misumari mifupi kila baada ya sentimita 10. Mgongo huo ndio unaoizuia rafu isiyumbe kulia na kushoto. Bila huo, hata skrubu mia hazitasaidia. Plaiwudi nzima ni futi 4 kwa 8, hivyo tafuta duka linalouza nusu au gawana na jirani.

Kupaka

Piga msasa kwa kufuata nyuzi, namba 80 kwanza, kisha 120, kisha 180. Vaa barakoa, kwa sababu vumbi la mbao liliorodheshwa mwaka 1995 na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani miongoni mwa visababishi vya saratani. Mkono wa kwanza wa vanishi uwe mwepesi, uliochanganywa na tapentaini ili uzame. Ukikauka, pitisha msasa namba 220 na upake mikono miwili mingine. Nyayo za mbavu zipakwe zaidi ya mahali pengine popote, hadi zikatae kunywa, kwa maana hapo ndipo maji ya kudekia na mchwa huanzia.

Paka asubuhi. Ukipaka jioni na kuiacha rafu chini ya taa barazani, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga watatua juu ya vanishi mbichi kwa mamia, na kesho yake utawakuta wamegandia humo, mbawa na miguu. Dawa yake ni kungoja pakauke, kukwangua na kupaka upya.

Kuisimamisha

Sakafu za nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ya mawe si lazima ziwe sawa. Weka pima maji juu ya rafu na usukumie vipande vyembamba vya plaiwudi chini ya unyayo ulio juu juu hadi povu likae katikati. Kisha ifunge ukutani kwa vyuma viwili vya pembe, ukitoboa tofali kwa biti ya saruji ya milimita 8 na kutia fisha (kijiplastiki kinachoshika skrubu ndani ya tundu), hasa kama nyumbani pana mtoto anayeanza kupanda vitu. Mpangaji amwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa. Vitu vizito, kama mfuko wa unga na sufuria kubwa, vikae kibao cha chini.