Somo: Namna ya kuendesha mashindano ya kirafiki kazini mpaka aliyefungwa naye atake kurudi

Wakuu habari zenu. Leo tuongelee mashindano ya kazini, yale ya drafti, karata, chemsha bongo, kuvuta kamba na mengineyo. Mengi yanaanza kwa shangwe, halafu baada ya muda wamebaki watu wanne wanacheza wenyewe na wengine wako kwenye simu zao. Kwa mtazamo wangu mchawi ni mtoano. Kwenye mtoano nusu ya watu wanaaga raundi ya kwanza tu, sasa mtu katolewa siku ya kwanza unataka ashangilie nini? Kama lengo ni watu kufahamiana na kufurahi, chezesha ligi.

Hatua ya 1: chagua mchezo ambao bingwa wake hajulikani. Kama ofisi nzima inajua fulani ndo mkali wa drafti, hapo hakuna shindano. Chemsha bongo naipenda sana maana ukichanganya maswali ya muziki, mpira, mapishi na historia ya ofisi yenyewe, yule mkimya wa stoo anaweza kumpita meneja na hapo ndo watu wanapiga kelele za kweli. Michezo ya nguvu uliza kwanza, tena pembeni sio mbele za watu, nani ana tatizo la kiafya au ni mjamzito, na umpe kazi yenye heshima kama kutunza muda au kuandika pointi.

Hatua ya 2: timu zipangwe kwa droo, hadharani, vikaratasi kwenye kikapu. Usishindanishe idara na idara, hasa zile ambazo tayari zina maneno yao, utakuwa unamwagia petroli kwenye moto. Timu iwe ndogo, watu 4 au 5. Kuna Mfaransa anaitwa Max Ringelmann aliwapima watu wakivuta kamba, matokeo yakachapishwa 1913, akakuta kadiri kundi linavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyochangia nguvu kidogo zaidi. Timu ya watu 12 utakuta watatu ndo wanacheza, waliobaki wanasindikiza.

Hatua ya 3: ratiba, hapa ndo wengi wanakwama ila ni rahisi. Kupata idadi ya mechi, zidisha idadi ya timu kwa idadi hiyo hiyo iliyopunguzwa moja, kisha gawa kwa 2. Timu 6 ni 6 mara 5, gawa kwa 2, yaani mechi 15. Kupanga nani na nani, andika 1, 2, 3 juu na chini yake 6, 5, 4, wanaotazamana ndo wanacheza. Raundi inayofuata timu 1 haihami, wengine wote wanasogea nafasi moja kwa kuzunguka, ukifanya hivo raundi 5 kila timu imekutana na kila timu. Timu zikiwa witiri weka nafasi tupu, atakayeangukia hapo anapumzika.

Hatua ya 4: sheria ziandikwe kabla ya droo, ukurasa mmoja unatosha, na ziseme sare inaamuliwaje. Bosi acheze kama wengine, asiwe refa, maana hakuna atakayebishana naye hata akikosea.

Hatua ya 5: zawadi iwe ndogo. Kikombe cha kukaa mezani kwa mshindi mpaka msimu ujao kinatosha kabisa. Pesa nyingi ikiingia tu, urafiki unatoka. Na usilazimishe michango.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu sisi tuko 30 na muda hatuna, ligi si itatumaliza?
Jibu: Tengeneza timu 6 za watu 5, gawa makundi mawili. Kila kundi mechi 3, jumla 6, halafu fainali, na wa pili kwa wa pili wacheze pia. Mechi 8 tu na hakuna timu iliyocheza chini ya mara mbili.

Swali: Bosi anataka shindano la nani kauza zaidi, nalo si ni hili hili?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Hapo unagusa riziki ya mtu, watu wataanza kufichana wateja. Mwombe hilo alishughulikie kivyake kikazi, huku tubaki na mchezo.

Swali: Tunaofanyia kazi nyumbani tunaingiaje?
Jibu: Chemsha bongo kwa video, ila wote wajibu kwa kuandika na majibu yafunguliwe kwa pamoja. Ukitumia anayewahi kusema, mwenye intaneti nzito atafungwa kila siku bila kosa lake.

Swali: Kuna dada kwetu hataki kabisa kushiriki, tumfanyeje?
Jibu: Muacheni. Mualikeni kuangalia, akikataa pia sawa, na asiulizwe ulizwe kila siku. Ila mkianza msimu mpya jina lake lisiachwe kwenye mwaliko, huenda safari hiyo mchezo ni anaoupenda.