Chagua kinga isiyosubiri ruhusa ya mwanaume

Mimi ni mwelimishaji rika. Nakaa na wanawake kwenye vikundi vyao vya kuweka akiba, na hisa zikishahesabiwa ndipo tunaanza mazungumzo yetu. Swali halikosekani: "Dada, nikimwambia avae kondomu atauliza nimeanza lini uhuni. Nifanyeje?" Wengine watakufundisha namna ya kumbembeleza. Mimi naanza na kinga ya VVU ambayo unaweza kuitumia yeye akubali asikubali.

Pima kwanza. Dawa kinga, yaani PrEP, hapewi mtu ambaye tayari ana VVU, kwa sababu peke yake haitoshi kumtibu na virusi vinaweza kuizoea. Kama kwenye kituo cha afya unaona aibu, ulizia kipimo cha kujipima. Cha mdomoni kinatumika hivi: pitisha ncha yake bapa mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja kwenye wa chini, itumbukize kwenye kichupa chake, halafu soma jibu kuanzia dakika ya 20, isizidi ya 40. Mistari miwili, hata kama mmoja umefifia kabisa, maana yake nenda kituoni wakathibitishe. Mstari mmoja penye C ni hasi, ila maambukizi ya wiki chache zilizopita huenda yasionekane. Rudia baada ya miezi 3.

Sasa dawa yenyewe. Kidonge ni kimoja kila siku. Mwanamke anahitaji siku zisizopungua 7 mfululizo kabla hajakitegemea, na vituo vingine vitakwambia usubiri zaidi, wafuate. Ule mtindo wa kumeza vidonge siku ya tendo tu umethibitishwa kwa wanaume, usiuige. Wiki za mwanzo unaweza kusikia kichefuchefu au kichwa kuuma, kisha mwili unazoea. Kila miezi 3 unarudi kupima. Wanachokilalamikia wengi ni kopo linalogonga mkobani kila ukipiga hatua: jaza pamba juu ya vidonge, kile kifuko cha kukausha unyevu ukiache humo humo.

Kama kumeza kila siku hakukufai, au nyumbani kuna mtu anayepekua, uliza kuhusu pete ya ukeni yenye dapivirine. Unaivaa mwenyewe, inakaa mwezi mzima, unaibadilisha. Kinga yake ni ya wastani: katika majaribio makubwa ilipunguza maambukizi kwa takriban theluthi moja, na haikingi tendo la njia ya nyuma. Sindano ya cabotegravir ina nguvu zaidi. Mbili za kwanza hupishana mwezi mmoja, kisha kila baada ya miezi 2. Na ipo lenacapavir, sindano mbili tu kwa mwaka. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, matokeo yakatoka 2024, kati ya wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Haijafika kila kituo, lakini ulizia kwa jina; mhudumu akisikia jina hilo linatajwa mara nyingi, atajua watu wanaihitaji.

PrEP haizuii mimba, kaswende wala kisonono, kwa hiyo kondomu bado ina kazi. Ya kike unaweza kuivaa saa kadhaa kabla. Bana pete ya ndani mpaka iwe nyembamba, chuchumaa au weka mguu mmoja juu ya kiti, isukume ndani kwa kidole mpaka ifike mwisho na isikukere. Pete ya nje inabaki nje. Wakati wa kuingia ishike pete hiyo na umwongoze kwa mkono, maana akipita pembeni mwa kondomu hakuna kinga. Usiivae pamoja na ya kiume, zikisuguana zinachanika.

Je, umwambie? Kama anasikia, mwambie, na mwende kupima pamoja. Akiwa ana VVU lakini anameza ARV na kipimo cha wingi wa virusi hakivioni, hawezi kukuambukiza kwa ngono. Kama anapiga, usianze na yeye. Anza na mhudumu unayemwamini, na mwanamke mmoja kikundini wa kukutunzia dawa.

Na fedha, je? Limpopo, Afrika Kusini, walijaribu mikopo midogo pamoja na mafunzo ya jinsia na VVU. Matokeo ya 2006 yalionyesha ukatili wa wenza umepungua kwa asilimia 55. Maambukizi mapya vijijini, lakini, hayakuonekana kushuka. Ndiyo maana sipendi kikundi kinachogawana hisa tu na kuondoka: akiba inakupa nauli ya kwenda kituoni na sauti nyumbani, dawa nayo inafanya kazi yake.

Mwisho ni dharura. Kondomu imepasuka au umebakwa, omba PEP, dawa ya kuzuia VVU inayomezwa baada ya tukio, ambayo si sawa na PrEP. Ianze haraka, ikiwezekana ndani ya saa chache. Baada ya saa 72 muda umeshapita. Inamezwa siku 28 bila kuruka. Aliyebakwa asisubiri fomu ya polisi ndipo ameze dozi ya kwanza. Akiweza asioge kwanza, na ile nguo aibebe kwenye mfuko wa karatasi. Aombe pia dawa ya kuzuia mimba.